Mkeka wa Kupumulia

Mume wangu alirudi kutoka India akiwa hali nyama, na amebeba mkeka mwembamba uliokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Serikali ilikuwa imempeleka huko kusomea umwagiliaji. Alikuwa bwana shamba, na miaka ile ya vijiji vya ujamaa mabwana shamba walitakiwa wajue kuyafikisha maji mahali ambapo Mungu mwenyewe hakuona sababu ya kuyafikisha. Mambo ya maji aliyasoma, sina ubishi. Lakini pamoja na maji alijifunza kupumua. Maneno hayo ni yake, si yangu. Alisema kabla ya kwenda kule hakuwa anajua kupumua.

Wakati hayupo, mtoto wetu alikufa.

Tulikuwa na mmoja tu, wa kike. Alikuwa ameanza kutembea, na kila mnyama alimwita ng'ombe, hata kuku. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Msangeni, kule juu Upare ya kaskazini, nikiishi naye kwenye nyumba ya mwalimu. Ikaingia surua. Surua ikapona, au tuliiona imepona, halafu ikashuka kifuani. Nikampeleka hospitali. Alifariki mchana, saa ambazo watu huja kuona wagonjwa, wodi ikiwa imejaa watu wenye vyakula na vikapu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kutoka Mhezi ambako ndiko kwao. Baba yao alikwisha kufa, kwa hiyo neno la shemeji ndilo lilikuwa neno la ukoo. Alikuja na wazee wawili. Walinipa pole, wakakaa kimya kwa muda unaotosha, kisha shemeji akasema, "Sasa mwalimu, tusikilizane. Huyu mwenzako yuko ugenini, hana wa kumshika mkono. Hatutampelekea habari hii. Akirudi tutamwambia tukiwa naye."

Nikasema sawa.

"Na wewe jikaze. Tukilia sana sasa, habari itasambaa, na kuna watu wa wilayani wanaandikiana naye. Tutamzika mtoto kwa adabu. Msiba wenyewe utakuwa siku ile baba yake atakaporudi."

Nikasema sawa tena. Ningesema nini? Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, na sikuona ubaya. Mtu aliye mbali hapelekewi habari ya kifo. Anangojwa afike nyumbani, apewe chakula ale ashibe, akalishwe kwenye kiti, watu wenye nguvu wakae kulia na kushoto kwake, ndipo mzee mmoja amwambie. Yeye mwenye marehemu ndiye anaanza kulia. Wanawake wanampokea, na hapo msiba unakuwa msiba. Baba wa mtoto alikuwa India. Kwa hiyo tulimzika mwanangu Mhezi, nyuma ya migomba ya bibi yake, kwa nyimbo mbili na sala moja, na jioni watu walikuwa shambani.

Kule milimani kuna ndiva, mabwawa ambayo wazee hukusanyia maji, ili yakifunguliwa asubuhi yawe na nguvu ya kufika mashamba ya chini. Nilidhani na mimi nimewekewa ndiva. Kwamba kilio kinajikusanya, na siku itakapofika kitafunguliwa. Hakuna aliyeniambia kwamba bwawa likiachwa muda mrefu huweza kupasuka chini kwa chini, na siku ya kulifungua ukakuta matope.

Barua za kutoka India alizijibu shemeji. Walisema mimi nikishika kalamu nitajisahau.

Nilirudi Msangeni nikafundisha. Sikukosa kipindi. Nilikula, nililala, nilisahihisha madaftari, niliwaimbisha watoto wa darasa la pili nyimbo za kilimo. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya wenzangu kwamba mimi ni mfano wa mtumishi anayejitolea. Kumbe nilikuwa nimekufa ganzi. Majirani zangu wa Msangeni, ambao kabla ya hapo waliniita mama fulani kwa jina la mtoto, waliliacha jina hilo taratibu, kila mtu kwa wakati wake, kwa huruma. Wakaanza kuniita mwalimu. Hata shemeji alikuwa ameshaanza. Siwalaumu. Lakini ilifika siku nikaitwa kwa jina la mtoto na mzee mmoja msahaulifu njiani, nikageuka kuona anamwita nani.

Mume wangu aliporudi, shemeji alimpokea Same, kituo cha treni. Mimi niliambiwa nikangoje Mhezi. Alipouliza tuko wapi, shemeji alimjibu, "Wote wako juu." Na hakudanganya.

Alifika saa za mchana, amekonda, macho makubwa, ameshika ule mkeka wake kwapani. Alisalimia wakubwa, "Shikamooni," wakaitikia. Akanipa mkono mimi mbele ya watu kama ilivyo desturi. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Kula kwanza," mama yake akasema.

Shemeji alikuwa amechinja mbuzi. Wapare hatuna sifa ya kuchinja ovyo, watu wanatutania mno kwa hilo, kwa hiyo mbuzi yule alikuwa na maana. Wakamletea nyama. Akasema asante sana, lakini yeye sasa hali nyama.

Nikisimulia habari hii watu hucheka hapo, na wana haki. Wazee waliangaliana. Mtu haambiwi habari nzito akiwa na njaa, hilo halina mjadala. Na nyama haitaki. Ikabidi yapikwe makande. Mahindi makavu na maharage, kuni zenyewe mbichi, mnajua inachukua muda gani. Basi wazee wakakaa naye kwenye kivuli cha nyumba wakimuuliza habari za India. Kuna ng'ombe? Wapo, wengi. Wanawala? Hawawali. Sasa wanafuga wa nini? Mvua zikoje? Na sisi wanawake jikoni tunachochea, tunaonja harage, bado. Mara ya pili akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Akaambiwa, "Utakula kwanza." Nilimwona kupitia mlango wa jiko. Aliinamisha kichwa akaanza kukizungusha kifungo cha chini cha shati lake. Kwetu mtu akiambiwa ale kwanza mara mbili, hahitaji kuambiwa la tatu.

Makande yakaiva, akala. Alikula yote. Wakamkalisha kwenye kiti cha marehemu baba yake, binamu mmoja kulia, mwingine kushoto. Mzee akamwambia. Mama mkwe wangu alikuwa ameshaweka khanga mdomoni. Wifi yangu alikuwa ameshavuta pumzi ya kupokelea. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimengoja siku hiyo kuliko nilivyowahi kungoja kitu chochote, najisemea sasa, sasa.

Mume wangu alitoka kwenye kiti, akakaa chini. Akakunja miguu mmoja juu ya mwingine. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akafumba macho, akaanza kupumua.

Binamu zake walimshika mabega wakidhani anazirai. Hakuwa anazirai. Alivuta pumzi ndefu puani, akaishikilia, akaitoa. Akavuta nyingine. Mzee akamwita kwa upole, "Bwana shamba, umeelewa tulichosema?" Akatikisa kichwa kuwa ameelewa, macho bado yamefumbwa, akaendelea. Tulimngoja. Wifi yangu aliitoa ile pumzi aliyoivuta, bila sauti. Kuku walikuwa wanadonoa chini ya kiti. Baadaye mtu mmoja wa kanisani alianzisha wimbo ili kutuokoa na aibu, tukauimba, na msiba wa mwanangu ukawa umeisha hivyo.

Usiku wala mchana hatukuzungumza habari hiyo. Aliniuliza kama nimechoka. Nikasema sijachoka.

Kazini wakampangia Same mjini, na mimi nikahamishiwa shule ya huko. Tulipewa nyumba ya kota karibu na reli, safu ya nyumba zinazofanana, wapangaji wake watumishi wa kila mkoa: Wanyamwezi wa reli, Wangoni wa hospitali, Mmakonde mmoja aliyekuwa mlinzi wa ghala. Same ni joto na vumbi, milima unaiona tu kwa juu imetulia na ukungu wake kama haikujui. Huko hapakuwa na mtu aliyenijua. Tulifika watu wawili, mume, mke na mkeka.

Kila alfajiri aliutandika barazani. Alianza kwa kujinyoosha, mikono juu, kisha anainama mpaka paji la uso linagusa magoti, kisha anajikunja kiuno namna ya kunitia mimi maumivu. Baada ya hapo anakaa. Anaziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, anavuta kwa jingine, anabadilisha. Watoto wa kota walikuja kupanga mstari kwenye ua, nao wakiziba pua zao, wakicheka mpaka kamasi zinawatoka. Hakuwafukuza. Ilikuwa vigumu hata kumkasirikia, na hilo ndilo lilinikasirisha zaidi.

Aliipeleka pumzi hiyo hata kazini. Kwenye kijiji kimoja cha ujamaa kule tambarare, kabla ya kuingia shamba la pamoja, aliwakalisha wanakijiji wote chini na kuwapumulisha. Nilisikia walikipenda kipindi hicho kuliko vyote, maana majembe yalikuwa yanangoja. Walimwomba akirefushe.

Siku moja mjumbe wetu wa nyumba kumi akaja, mzee mnene mwenye heshima zake, akakaribishwa kiti. Akasema watu wanauliza. Hii ni dini?

"Si dini, mzee. Ni mazoezi tu. Mtu anatulia, anafuata pumzi yake, mwisho anajitambua yeye ni nani."

Mjumbe alifikiri. "Lakini sisi tunakujua wewe ni nani. Wewe ni bwana shamba, kwenu Mhezi, mkeo mwalimu. Wewe mwenyewe wasiwasi wako uko wapi?"

Mume wangu akatabasamu, akasema kuna mwingine ndani ya huyo, wa kweli, ambaye hana jina wala kazi wala kabila. Mjumbe akaniangalia mimi, akaangalia chai yake, akasema mradi huyo mwingine anahudhuria mikutano ya tawi hana tatizo naye. Niliingia ndani nikacheka peke yangu, nikashangaa kusikia sauti yangu inacheka. Kisha ikanyamaza, na nikaendelea kuchagua mchele.

Wanawake wa kota walikuwa wema. Waliona mtu na mkewe, miaka imeanza kwenda, na hakuna nepi kwenye kamba. Mke wa Mnyamwezi wa reli, jirani wa ukuta mmoja nami, mama wa watoto sita, alikuja na mizizi ameifunga kwenye kitambaa. Akaniambia nichemshe, ninywe kabla ya kula, na nisimwambie mume. "Wa kwanza ndiye mgumu kuja," akasema. "Akishapita wa kwanza, wengine wanajua njia."

Nilimshukuru. Niliichemsha ile mizizi, nikainywa, ilikuwa chungu. Ningeweza kumwambia. Lakini ningeanzia wapi? Nilibeba mimba, nilizaa, nilinyonyesha, nilizika, na sasa nakunywa dawa ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaa, na inanishuka vizuri tu kama maji ya kunywa. Sikusikia uchungu wowote moyoni. Nilisikia uchungu wa mizizi.

Mume wangu alikuwa ananibembeleza nikae naye. "Dakika chache tu." Nikamwuliza moto atachochea nani. Kesho yake tena. Nikamwuliza uji utakorogwa na nani. Hakuwa mtu wa kulazimisha. Alisema, "Siku utakayokuwa tayari. Nataka ukipate nilichokipata." Na ni kweli alikuwa amepata kitu. Alilala vizuri. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtulivu mpaka nilitamani avunje sahani.

Jumapili moja asubuhi, kabla ya kengele ya kanisa la Kilutheri, nilikaa. Nilikaa ili anyamaze. Nilikunja miguu ninavyoweza, nikavuta gauni langu likafunika magoti, nikafumba macho.

"Usifanye chochote," akasema. "Usiilazimishe pumzi. Isikilize tu inaingia, inatoka. Ifuate. Itakufikisha kwako mwenyewe."

Nikaisikiliza. Ikaingia, ikatoka. Jogoo wa jirani, treni ya mizigo ikipanga mabehewa, kisha hivyo navyo vikapotea, ikabaki pumzi. Na nilipoifuata haikunifikisha kwenye utulivu wake wala kwa huyo mwingine asiye na jina. Ilinifikisha wodini. Kwa sababu mimi kusikiliza pumzi nilikwisha kujifunza, na sikujifunzia India. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha chuma nikasikiliza pumzi ya mwanangu inaingia na kutoka, sina kazi nyingine duniani, mpaka ikatoka na haikuingia.

Nikafumbua macho. "Siwezi hii," nikasema.

"Mawazo yatakuja. Yaache yapite. Rudi kwenye pumzi."

"Ndiko niliko."

"Basi vizuri. Kaa hapo hapo."

"Niko kwenye pumzi ya mwanao," nikasema.

Kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa hatua, amevuta kabla ya kutoa. Kisha akasema polepole, bado macho yamefumbwa, "Nilijua tangu nikiwa kule."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hayupo. Kaka hapendi kuandika. Maisha yake yote hajawahi kuniandikia hata mstari. Halafu ghafla barua inakuja kila mwezi, na wewe huandiki. Nikajua. Sikujua ni wewe au ni yeye. Barua ya tatu ikasema shule inakusifu, nikajua ni yeye."

"Ukafanya nini?"

"Nililia. Tulikuwa tunalala hosteli, watu wengi. Nilikuwa naingia bafuni, nafungulia maji, nalia. Mwalimu mmoja aliniona, ndiye aliyenionyesha kukaa hivi. Nilipofika Mhezi nilikuwa nimemaliza."

Amemaliza. Nilikuwa sijasikia kitu chochote ndani yangu tangu siku ile ya mazishi, na cha kwanza kilichokuja hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, ya moto kabisa, mpaka masikio yalipata joto. Alikuwa amelia. Alilia kwa siri yake, kwa muda wake, akashiba kulia, akarudi mtulivu. Na mimi niliambiwa nimngoje, nikamngoja, nikajizuia kwa ajili yake mpaka nikawa gogo, na alipofika alinikalia kimya mbele ya watu kwa sababu yeye kwake yalikwisha.

"Ulilia bila mimi," nikasema.

"Nilikuwa mbali."

"Na hujawahi kuniuliza alikufaje. Hata siku moja."

"Nilidhani hutaki," akasema.

"Basi sikiliza. Si unapenda kusikiliza pumzi? Sikiliza hii."

Nikampumulia. Sikujua kama naikumbuka, lakini mwili wangu ulikuwa umeihifadhi yote. Zile pumzi fupi za haraka, za juu juu, ambazo hazifiki tumboni. Pua zinapanuka. Kila baada ya muda panakuwa na kukwama kidogo, halafu sauti nyembamba mwishoni, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Nikampumulia hivyo, usoni pake, na katikati nikawa namwambia. Hapa nilimwinua akae. Hapa aliomba maji, nikampa kwa kijiko, yakarudi. Hapa aliona mama mmoja amebeba kuku kwenye kikapu, akanyoosha kidole akataka kusema ng'ombe, pumzi haikutosha. Halafu zikaanza kupungua. Nikazipunguza. Hivi. Hivi. Hivi.

Nikanyamaza.

Mume wangu alikuwa amefumbua macho. Alifungua mdomo kuvuta ile pumzi yake ndefu, ikakatikia njiani. Akajaribu tena. Kisha kikatoka kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanaume, kikubwa, kibaya, akaanguka kwa kiwiko juu ya mkeka wake. Alimwita mtoto kwa jina. Alilia kwa sauti ya milimani kwao, ya kusikika ng'ambo ya pili ya bonde, pale pale kwenye kota za serikali, asubuhi ya Jumapili.

Milango ikafunguka. Kwa kilio cha namna ile hakuna anayeuliza kabila. Wanawake wakaja mbio, mwingine na mwiko mkononi, mwingine na mtoto mgongoni hajamfunga vizuri. Mke wa Mnyamwezi wa reli ndiye aliyetangulia. Alimtazama mume wangu chini, akanitazama mimi niliyesimama mkavu kama ukuta.

"Mwalimu, kuna nini? Nani amefariki?"

"Mtoto wetu," nikasema.

Wakatazamana. Wote walijua nyumba yetu haina mtoto. Mmoja akachungulia ndani. Mke wa Mnyamwezi hakuchungulia. Nadhani aliikumbuka mizizi yake, maana uso wake ulibadilika taratibu, nikaona anaanza kuelewa.

"Lini, mama?" akauliza.

"Leo."

Alifungua khanga yake ya juu, akanifunga nayo kiunoni, akakaza fundo kama wanavyokaziwa waliofiwa. Akanishika mabega akanikalisha chini, karibu na mume wangu. Halafu akaanza kulia yeye kwanza, kwa sauti, ili mimi nipate pa kufuatia.